Tuliotolewa shule kwa mimba kabla ya 2021, chuo mlifikaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Lindi

Wadau, habari zenu. Uzi huu ni wa wanawake waliotolewa shule kwa mimba kabla ya Novemba 2021, pale aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba waliojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Wengi wanaamini siku ile mambo yaliisha. Kwetu tuliotangulia hayakuisha. Miaka tuliyokaa nje bado inatudai kila tunapobisha hodi chuoni.

Mimi nilitolewa 2015 nikiwa kidato cha tatu, mkoani Lindi. Wasichana wote tulikuwa tunapimwa mimba tukitoka likizo. Barua ikaandikwa kwamba nimetenda kosa la maadili, kwa sababu Kanuni za Elimu za 2002 ziliipa shule nguvu ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo, au kwa kuolewa. Mimba haikutajwa popote kwenye kanuni ile. Iliingizwa tu humo ndani ya "maadili", na aliyenipa ujauzito hakuandikiwa barua na mtu yeyote.

Mama alinilelea mtoto, nikafanya QT, yaani mtihani wa maarifa wa kumruhusu aliye nje ya shule kufanya kidato cha nne, nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na 2019 nikamaliza kidato cha sita kwa njia hiyohiyo. Ufaulu wa kuingia digrii niliupata. Ada sikuwa nayo, na mtoto alikuwa anaanza shule, nikaona kwanza nisimame mimi. Nilibangua korosho za watu, nikashona. 2025 nikasema sasa naomba mkopo. Nikafungua mwongozo wa Bodi ya Mikopo: mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Nimepitwa. Serikali ilinitoa darasani, halafu mwongozo unaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo.

Naomba wenye uzoefu mseme mlipita njia gani, na wapi mlikwama.

Mama Wawili, Tabora

Dada, pole, na hongera kwa kufika kidato cha sita, maana wengi tuliishia njiani. Mimi nilitaka uuguzi tangu utoto. Nilitolewa kidato cha pili mwaka 2017, mwaka uleule Rais Magufuli alipotamka akiwa mkoani Pwani kwamba aliyepata mimba hatarudi shule. Baba alisikia redioni, akasema umesikia mwenyewe, basi. Hata QT nilifanya kwa siri, ada analipa mjomba.

Kilichoniua ni sayansi. Kituo cha jioni nilichosoma kilikuwa na Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Uraia na Baiolojia ya kusoma kwenye madaftari. Kemia hakuna, Fizikia hakuna, maabara usiulize. Na vyuo vya afya vinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa hiyo hakuna aliyenikatalia uuguzi kwa mdomo, ila njia yenyewe haikufika huko. Nilisoma maendeleo ya jamii ngazi ya cheti, kisha stashahada. Kazi naipenda. Lakini nikimpeleka mtoto kliniki na kuwaona manesi, moyo unauma.

Mwalimu wa Jioni, Singida

Wanangu, nimewasoma wote. Nafundisha QT kwa muda mrefu na anachosema Mama Wawili ndicho ninachokiona. Nitaongeza jambo moja ambalo halisemwi sana. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba akapangiwa kifungo cha miaka 30. Nia ilikuwa njema na sipingi adhabu. Ila nimeona familia zinamalizana kimyakimya na upande wa mwanaume, kisha binti anapelekwa kwa shangazi mbali ili asiitwe kutoa ushahidi. Akishapelekwa huko, shule anaipoteza, hata QT haisikii. Wengine wamekuja kwangu wakiwa na miaka zaidi ya ishirini, hawakujua kama kuna njia yoyote.

Mwana wa Unguja

Shikamoo mwalimu. Huku kwetu utaratibu wa kurudi ulikuwepo kabla ya bara, na mimi nilirudi baada ya kujifungua. Maneno ya watu nilisikia mengi, lakini jina langu lilibaki kwenye rejista. Binti wa mama mdogo, yuko Tanga, alipata yaleyale na hakurudi. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi nina digrii. Sioni kingine kilichotutenganisha isipokuwa maji ya bahari.

Kidato cha Nne 2024, Shinyanga

Shikamooni dada zangu. Mimi nilirudi baada ya ule Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ulioturuhusu kurudi, kwa hiyo nisiseme sana mbele yenu. Shule ilinipokea vizuri kwa sababu ilikuwa ya kutwa, mchana nasoma, jioni nanyonyesha. Nikafaulu, nikapangiwa kidato cha tano shule ya bweni, mkoa mwingine kabisa. Mtoto wangu nampeleka wapi? Shule nyingi za kidato cha tano ni za bweni, na waraka unasema mzazi arudi shule, haukusema atalala wapi na mtoto. Niliiacha nafasi. Sasa nasoma chuo cha ualimu kilicho karibu na nyumbani.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, marahaba za vijana zipokee wewe, mimi sijafika huko. Mdogo wangu wa Shinyanga, usijishushe, habari ya bweni ni kubwa kuliko ilivyoonekana na sijasikia mtu akiisema.

Mama Wawili, nikuulize: stashahada yako umemaliza lini?

Mama Wawili, Tabora

2023. Na hapo ndipo nilitaka kufika. Mwongozo unasema kidato cha sita *au* stashahada. Mimi mwaka wangu unahesabiwa kuanzia stashahada, si kuanzia nilipotolewa shule. Kwa digrii wanataka GPA (wastani wa alama za stashahada) isiyopungua 3.0 na ninayo, kwa hiyo niko ndani ya muda. Wewe una kidato cha sita, kwa hiyo vigezo vya stashahada unavyo tayari, na tangu 2023/24 baadhi ya kozi za stashahada nazo zina mkopo. Ni miaka miwili au mitatu mingine, najua inauma. Soma mwongozo wa mwaka husika kabla hujachagua kozi, wanabadilisha.

Mwanzisha uzi

Sikuwa nimeliona hilo neno "au". Kesho naenda kuuliza vyuo viwili vya hapa Lindi kuhusu kilimo, nitaleta majibu hapahapa. Wengine endeleeni, hasa mliosoma sayansi mkiwa watahiniwa wa kujitegemea: maabara mlipata wapi, na kwa bei gani?