Re: Walker, Dragoon au Remington? Naomba ushauri wa bastola ya baruti

Kutoka: Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Nina miaka sita huku, grini kadi ninayo. Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinipeleka kwenye kiwanja cha shabaha, nikapiga bastola ya baruti nyeusi, ile unayoishindilia mwenyewe kama gobore la babu. Tangu siku hiyo akili yangu iko huko huko. Nimeweka akiba ninunue moja. Naitamani Colt Walker kwa ukubwa wake, ila muuzaji ananisukumia Remington ya 1858, na mwingine anasema Dragoon. Nishikeni mkono.

---

Kutoka: San Antonio, Texas

Marahaba mdogo wangu. Bastola hizi ninazo mwaka wa kumi na moja sasa, na Walker nimewahi kuwa nayo nikaiuza.

Walker ni ya 1847. Samuel Colt aliiunda kwa kushauriana na Kapteni Samuel Walker, aliyekuwa kwenye kikosi cha Texas Rangers, wakati Marekani inapigana na Mexico. Zilitengenezwa kama 1,100 tu, kwa hiyo ya kale usiiwaze. Utakayouziwa ni nakala kutoka Italia, kwa kawaida ya kiwanda cha Uberti. Uzito wake unapita kilo mbili. Kabla hujalipa, funga pakiti mbili za sukari za kilo moja moja, nyoosha mkono, zishike usawa wa bega mpaka uhesabu thelathini. Mkono ukianza kutetemeka kwenye kumi na tano, umeshapata jibu.

Kila tundu la silinda yake (lile pipa dogo linalozunguka) linameza hadi greni 60 za baruti, karibu gramu 4. Zile za mwanzo baadhi zilipasuka silinda mikononi mwa askari. Nakala za leo ni za chuma bora, lakini ugonjwa mmoja zimeurithi. Chini ya mtutu kuna wenzo wa kushindilia, na kinachoushika ni springi dhaifu tu. Ukipiga, bastola inaruka, wenzo unaanguka, mdeki unaingia kwenye tundu, silinda haizunguki tena. Kwangu ilitokea risasi ya pili, siku ya kwanza kabisa. Nikabaki nimesimama na matundu manne yamejaa, macho yamejaa moshi, narudisha wenzo kwa mkono wa kushoto unaopita karibu na mdomo wa mtutu. Sitaki likukute hilo. Watu wa zamani waliufunga wenzo kwa ukanda wa ngozi. Nami nilifanya hivyo na ikasaidia, ila kila unapotaka kushindilia upya unafungua fundo kwa vidole vilivyojaa grisi na masizi.

Dragoon, kuanzia 1848, ni Colt akirekebisha makosa hayo hayo. Mtutu umepungua kutoka inchi 9 hadi 7 na nusu, silinda ni fupi kidogo, na wenzo una kulabu ya kweli kwenye ncha yake. Bado ni nzito, karibu kilo 1.9, na uzito huo unameza teke lote. Inakusukuma taratibu tu. Kama moyo umeng'ang'ania bastola kubwa, nunua Dragoon ya toleo la tatu. Mimi ndiyo niliyobaki nayo.

Remington wanaiita ya 1858 kwa sababu ya tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Zilizoenea ni za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ina kilo 1.3 hivi, na juu ya silinda kuna daraja la chuma, fremu nzima ni kipande kimoja. Unateremsha wenzo, unavuta pini, silinda iko kiganjani. Kwa Colt unagonga kabari itoke, kisha unachomoa mtutu mzima. Kasoro ya Remington ni kwamba baada ya mizunguko kadhaa masizi yanakaba ile pini na silinda inakuwa nzito kuzunguka. Uwe na kitambaa kibichi, uipanguse mara kwa mara. Kwa anayeanza, muuzaji wako hajakudanganya.

Baruti iwe nyeusi ya kweli au mbadala wake kama Pyrodex. Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiiguse, hata kijiko kidogo, itapasua silinda. Na usafi ni siku hiyo hiyo: maji ya moto na sabuni, halafu mafuta. Nyumba itanuka yai viza. Ukilala bila kuosha, asubuhi utakuta kutu. Tenga ndoo yake, vyombo vya jikoni usivichanganye na uchafu wa madini ya risasi.

Sasa karatasi, na hapa nawaomba wote msome. Sheria ya shirikisho ya 1968 haizihesabu nakala hizi za kushindilia kuwa silaha za moto, mradi haziingizi risasi za kisasa. Wengi wetu tunasikia hapo tu tunakimbilia kununua. Majimbo yana sheria zao. New Jersey, kwa mfano, inazihesabu kama bastola nyingine yoyote na inataka kibali. Walio na viza ya masomo au ya matembezi waone wakili kwanza, maana kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchi. Ile silinda ya kubadilisha ili iingie risasi za kisasa iache dukani, kwa sababu ukiifunga umetoka kwenye msamaha huo. Kwenye ndege, baruti na fataki (vile vikofia vya kuwashia baruti) haziruhusiwi kabisa, hata kwenye begi la chini. Na kwenye kontena la kwenda nyumbani, bastola hii usiipakie. Bandarini hakuna atakayekusikiliza ukisema ni ya kihistoria.

---

Kutoka: Leicester, Uingereza

Asante kaka kwa maelezo. Kwa walio huku: bastola za kawaida zilipigwa marufuku 1997, hizi za kushindilia kwa mbele zikabaki. Lakini unahitaji cheti cha silaha kutoka polisi, na kwa baruti nyeusi yenyewe cheti kingine cha vilipuzi. Msifuate ya Texas mkadhani na hapa ni hivyo.

---

Kutoka: Columbus, Ohio

Nashukuru sana kaka, na dada pia. Nimejaribu pakiti za sukari, nimefika ishirini na mbili. Nadhani nitaanza na Remington, Dragoon mwakani. Nyumbani nina watoto wawili wadogo. Goroli, zile risasi za duara, ninunue za ukubwa gani?

---

Kutoka: San Antonio, Texas

Umechagua vizuri. Kwa sababu ya watoto, kasha la chuma lije nyumbani kabla ya bastola, na fataki zikae chumba kingine mbali na baruti. Goroli anza na za inchi .454, ila soma kijitabu cha bastola yako kwanza. Ukishindilia, mdomo wa tundu unyoe pete nyembamba ya madini ya risasi kuzunguka goroli. Iangalie kila mara. Usipoiona pete, goroli ni ndogo, moto unaweza kupita pembeni ukawasha matundu ya jirani. Hapo usipige. Iweke chini, mtutu ukielekea shabaha, umwite msimamizi wa kiwanja.