Nilimwambia shangazi "si mimi, ni mashine". Nimlipe maharagwe yake?

Mwana wa Nzoia:
Wadau, naomba ushauri. Mkinikemea pia nitavumilia.

Shangazi yangu ana nusu ekari ya mahindi na maharagwe karibu na Webuye. Mwaka huu mvua ilimwahi kabla ya palizi ya kwanza, na vibarua hawapatikani, vijana wote wamehamia kwenye boda. Akanipigia simu huku Kisumu: wewe uliyesoma, nitafutie dawa ya magugu. Nikiwa kazini nikaiuliza ile programu ya mazungumzo kwenye simu: "Dawa gani inaua magugu ya majani mapana bila kudhuru mahindi?" Ikanijibu papo hapo, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: 2,4-D, ipulizwe mahindi yakiwa bado mafupi. Mwishoni ikaongeza kwamba nisome lebo. Jumamosi nikapanda matatu, nikanunua dawa njiani, nikaazima pampu ya lita 20 na kupuliza shamba lote kwa mkono wangu.

Mahindi hayakuguswa hata jani. Maharagwe yalianza kujipinda siku ya pili, mashina yakavimba, na Jumamosi iliyofuata yalikuwa yamelala chini yote. Gorogoro tano za mbegu zilienda hivyo.

Kwenye swali langu sikuandika neno "maharagwe". Nani huku kwetu hupanda mahindi peke yake? Ukisema shamba la mahindi, maharagwe yamo. Mashine haikulijua hilo.

Shangazi aliponipigia nilimjibu haraka: "Shangazi, si mimi, ni mashine iliyokosea." Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa, baba," akakata simu. Hiyo "sawa, baba" imeninyima usingizi kuliko maharagwe yenyewe.

Na kuna kinachonichoma zaidi. Chuoni nilisoma falsafa, na insha yangu ya mwisho ilihusu posthumanizimu, zile fikra zinazomwondoa binadamu kwenye kiti cha katikati na kumkalisha pamoja na wanyama, mito na mashine. Nilimtumia Bruno Latour, yule mwanafalsafa Mfaransa, na mfano wake wa tuta la barabarani: dereva hapunguzi mwendo kwa kuwahurumia watoto wa shule, anaokoa springi zake. Mhandisi ameipachika amri ndani ya lami, kwa hiyo wema haukai kichwani mwa mtu peke yake, umegawanyika kati ya watu na vitu. Nikamwongeza Donna Haraway, msomi wa Marekani, ambaye tangu 1985 alisema mpaka kati yetu na mashine zetu umeshavuja. Nikahitimisha kwa mbwembwe kwamba hakuna mkosaji mmoja, kuna mtandao. Nilipata alama nzuri.

Sasa niambieni. Nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba kosa ni langu peke yangu, ilhali mashine, walioitengeneza, muuza dawa na hata mvua vimeshiriki? Au hoja yangu ni kisingizio kilichovaa joho?

Tikitimaji88:
Lipa maharagwe ya watu. Uzi umekwisha.

Mama Agroveti:
Mwanangu, niko kaunta mwaka wa kumi na mbili sasa, tuanze na dawa. 2,4-D inaiga homoni ya ukuaji ya mmea. Mmea wa majani mapana unakua ovyo bila breki, unajipinda hadi unajimaliza. Mahindi ni jamaa ya nyasi, yana namna ya kuipoza. Kwa macho ya dawa hiyo, haragwe na gugu ni kitu kimoja. Kwa hiyo mashine haikukudanganya. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa swali lako, ila swali lako halikuwa shamba la shangazi yako.

Mteja akinijia akitaka dawa ya mahindi, kabla sijageukia rafu namuuliza: umechanganya na nini? Aliyekuuzia hakukuuliza?

Mwana wa Nzoia:
Hakuuliza, Mama. Nilifika nikaitaja dawa kwa jina kama daktari. Naona alidhani najua ninachofanya.

Mama Agroveti:
Basi na yeye ana lake. Lakini lebo yenye namba ya PCPB, ile bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za mimea, uliishika mkononi, na imeandikwa mazao yasiyotakiwa kuguswa.

Shabiki wa Fahali:
Mimi ni mtu wa Isukha, kwetu fahali hupigana na umati hukusanyika alfajiri. Fahali akikata kamba baada ya pambano akaingia kwenye mihogo ya mtu, hakuna anayemshtaki fahali. Mwenye kamba analipa mihogo, na jioni wanakunywa chai pamoja. Hakuna anayemwita mtu mwovu. Nyinyi wasomi mnachanganya kulipa na kuwa mwovu, ndiyo maana mnaogopa kulipa.

Kwa taarifa yenu, kuna waliowahi kumpeleka mnyama kortini. Falaise, Ufaransa, mwaka 1386, nguruwe jike aliyemuua mtoto alihukumiwa na kunyongwa hadharani. Mwenye nguruwe bila shaka alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Usije ukainyonga simu.

Mwana wa Nzoia:
Nimecheka, lakini mfano una tundu, mzee wangu. Fahali ni wako, umemlisha na tabia zake unazijua. Mashine si yangu, sikuifundisha, na hata walioifundisha hawawezi kukwambia kesho itasema nini.

Shabiki wa Fahali:
Kamba ulishika wewe.

Kondele Juu:
Nataka nimtetee kidogo kijana, maana mnamkaanga.

Mwanafalsafa mmoja, Andreas Matthias, aliandika mwaka 2004 juu ya pengo la uwajibikaji. Mashine inayojifunza yenyewe hufanya jambo ambalo mtengenezaji hakulipanga na mtumiaji hakuweza kulitabiri, basi lawama inakosa pa kutua. Jembe halikushauri. Jembe halikuambii "fanya hivi" kwa sauti ya afisa wa kilimo. Hiki chombo kimetengenezwa kizungumze kama mtu anayejua, na mtu akizungumziwa hivyo hulegea, hata awe na digrii.

Halafu jiulizeni kwa nini hakikuuliza "umechanganya na nini?" kama Mama. Maandishi kiliyolishwa kwa wingi yametoka kwa watu ambao mahindi yao husimama peke yake maili kwa maili, trekta mbele na ndege nyuma. Shamba lililomo kichwani mwake ni la Iowa, Marekani. Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ambao bibi zetu hawakuhitaji kuutaja, haumo au umo kwa uchache. Hapo ndipo hizo fikra za posthumanizimu hunipa shida. Ukisema "si binadamu peke yake, ni mtandao", unasahau kuuliza ni binadamu gani waliojaa kwenye mtandao huo na ni wepi hawamo.

Nyar Ahero:
Naunga mkono hapo, Kondele, ila usimwache kijana adhani amepona. Mimi nimezaliwa bonde la Kano. Lawama ni kama maji ya Nyando: mvua inanyesha Nandi Hills, wanaofurika ni sisi wa chini.

Mnakumbuka Tempe, Arizona, Machi 2018? Gari la majaribio la Uber, likijiendesha, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka akasema kampuni haina kesi ya jinai ya kujibu. Aliyeshtakiwa ni mwajiriwa aliyekaa kwenye usukani kuangalia. Naye hakuwa malaika, wachunguzi walikuta alikuwa akitazama simu. Mwaka 2023 alikiri kosa akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela. Lakini tazama maji yalivyoteremka hadi yakamkuta wa chini kabisa.

Sasa kijana, kwenye hadithi yako wa chini kabisa ni nani? Si wewe. Wewe una mshahara na intaneti. Ni shangazi, mwaka huu atakula nyoyo, kile chakula chetu cha mahindi na maharagwe, ya mahindi matupu. Kila ukisema "si mimi", unayafungulia maji yamfikie yeye.

Mwana wa Nzoia:
Hiyo imenipata, dada.

Wakili wa Mtaani:
Kwa wanaotaka sheria: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake ukiwa unakuathiri kwa uzito, mfano ukinyimwa mkopo wa simu. Maharagwe hayamo. Endeleeni.

Karani Mstaafu:
Nimesoma uzi wote na miwani yangu ya zamani. Nitasema mambo mawili, la kwanza kwa ufupi.

Kuna abiria wa Kanada aliyefiwa na bibi yake mwaka 2022. Aliiuliza mashine ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Ikamwambia nunua tiketi sasa, punguzo utadai baadaye. Alipodai akaambiwa utaratibu huo haupo. Mbele ya baraza la madai la British Columbia kampuni ikaleta utetezi ambao baraza lilishangaa kuusikia, kwamba mashine hiyo ni kama mhusika anayejitegemea na ijibu yenyewe kwa matendo yake. Februari 2024 baraza likaitupa hoja hiyo na kuiamuru kampuni ilipe zaidi ya dola 800 za Kanada. Umeisikia sauti yao, mwanangu? "Si sisi, ni mashine." Mlisoma insha moja.

La pili ni la chama, nalo nimelibeba maisha yangu yote. Mimi nilikuwa karani wa kikundi cha akiba na mikopo huko Kakamega. Mkopaji mmoja alikuwa na wadhamini watano, akatorokea Uganda. Wadhamini wakaja na hesabu zao: sisi ni watano, kila mmoja atoe sehemu yake ya tano, basi. Wawili hawakuwa na kitu. Mwenyekiti akawafungulia kitabu, kimeandikwa kwamba kila mdhamini anadaiwa deni lote hadi liishe, kisha nyinyi kwa nyinyi mtatafutana. Mmoja wao, fundi wa baiskeli, alilipa karibu yote. Ilimchukua mwaka. Baadaye aliwafuata wenzake mmoja mmoja, na wawili walimrudishia.

Insha yako ilidhani lawama ni kama mkate, wakiongezeka walaji kipande kinapungua. Mimi naiona kama ule udhamini. Wakiongezeka walioshiriki, ndivyo mwenye deni anavyopata milango mingi ya kubisha, na kila mlango lazima ufunguke. Shangazi hawezi kubisha California kwa walioitengeneza programu. Amebisha kwako kwa sababu ndio mlango anaoujua. Mlipe yote. Kisha wewe, mwenye maneno na muda, mtafute muuza dawa, uwaandikie hao wa programu kwamba mahindi ya huku yana maharagwe ndani. Latour wako yuko sawa kabisa akieleza ajali ilivyotokea. Shangazi hakukuuliza ilivyotokea.

Kondele Juu:
Mzee, hapo kwa mwenye duka dogo sikubaliani sana, yeye atasema uliitaja mwenyewe. Lakini kwa wa programu, ndiyo, aandike. Wengi wakiandika, labda itaanza kuuliza.

Tikitimaji88:
Nilisema tangu mwanzo lipa.

Mwana wa Nzoia:
Nimerudi, wadau. Jana nilienda Webuye. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, nikaambulia sentensi mbili: "Shangazi, niliuliza vibaya na sikusoma lebo. Nimekuletea pesa ya mbegu na ya gunia moja." Pesa ya mbegu aliipokea, ya gunia akaisukuma mezani, akasema nitakuja kupalilia msimu wa pili kwa jembe, na nije na viatu vya kazi, si hivi. Baadaye akaniuliza kwa utaratibu kabisa kama ile mashine huwa inaona aibu. Nikamwambia hapana. Akasema, "Ndiyo maana ilikujibu haraka."

Pesa ya gunia nimemwachia chini ya kitambaa cha redio. Mama, swali moja la mwisho: maharagwe mengine yanaweza kupandwa hapo lini?

Mama Agroveti:
Dawa hiyo haikai sana udongoni, lakini usiharakishe. Fuata siku zilizoandikwa kwenye lebo, safari hii uisome, na msimu wa pili utakuwa umeshapita muda huo. Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Pampu uliiosha vipi? 2,4-D hung'ang'ania kwenye mpira na kichujio. Maji matupu mara moja hayatoshi, huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa mara kadhaa. Mtu akiijaza dawa ya wadudu na kupulizia nyanya au sukuma wiki, zitajipinda kama maharagwe yako.

Mwana wa Nzoia:
Pampu ilikuwa ya jirani yake shangazi. Niliirudisha siku ileile, nikaisuuza mara moja tu.

Jirani analima nyanya. Nampigia sasa hivi.