Ati "sasa tuweke muziki"! Kwani sisi pale juu tulikuwa tunafanya nini?

NyuziNne
Wakuu naandika mikono inatetemeka, gitaa la besi bado liko kwenye begi na jasho la steji halijakauka, kwa hiyo msinisahihishe sentensi leo, nisomeni hivyo hivyo.

Mnamjua. Sina haja ya kutaja jina, kila aliyewahi kupanda jukwaani anamjua. Yule promota wa miwani ya jua saa sita usiku, yule ambaye kila akifungua mdomo ni "familia", familia njooni mpige, familia mtapata jina, familia hela si tatizo baina yetu. Huyo huyo. Usiku huu kachukua kipaza sauti SISI TUKIWA BADO JUU, mpiga dramu fimbo ziko mkononi, mwimbaji hajamaliza hata kuvuta pumzi baada ya noti ya mwisho, akautangazia ukumbi mzima: "Haya, asanteni vijana, sasa tuweke muziki."

Sasa. Tuweke. Muziki.

Yaani sisi muda wote ule tulikuwa tunahamisha fanicha?? Watu wanne na vyombo, waya zimejaa miguuni, mtu anaimba mpaka mishipa ya shingo inahesabika ukiwa mlango wa nyuma, kumbe muziki ulikuwa bado haujaanza! Diijei akabonyeza kitufe na mnajua alichoweka? Wimbo ule ule tuliotoka kuupiga. ULE ULE. Wa rekodi.

Na msiniambie tulipiga vibaya. Watu walikuwa wanacheza, kuna waliosimama juu ya viti, kuna bibi mmoja kavua viatu kabisa. Tena tulifika hapo kwa shida ambayo hata adui yako usimwombee. Tuliambiwa tuwahi saundi cheki, tumewahi, fundi mitambo hayupo, ufunguo wa stoo ya spika anao mtu ambaye simu yake haijapatikana tangu dunia iumbwe. Saundi cheki tukaifanya watu wameshakaa wanatuangalia. Monita, ile spika inayomrudishia mwanamuziki sauti jukwaani, ni moja tu na imeelekezwa kwa dramu, mtu pekee jukwaani ambaye hahitaji msaada wa kujisikia! Mwimbaji hajisikii, akaomba aongezwe, kipaza kikaanza kupiga mluzi kwa sababu spika kubwa ziko nyuma yake na kipaza kinasikia sauti yake chenyewe na kuirudisha tena na tena, na fundi badala ya kushusha masafa yale tu yanayolia, yaani ule wembamba wa sauti unaopiga mluzi, akashusha KILA KITU. Nusu ya shoo tumepiga kwa kuangaliana midomo. Halafu ndiyo mambo yakakaa sawa, besi na dramu zikashikana, ile hali ambayo mwanamuziki anaisubiri wiki nzima, tukaumaliza wimbo vizuri kuliko siku zote, ukumbi unapiga kelele, na hapo hapo katikati ya zile kelele ndipo anapanda mtu na miwani yake anasema sasa tuweke muziki.

Huyu ndiye anayeshika kumbi zote. Ndiye anayeamua nani apande Ijumaa na nani akae nyumbani. Unafanya mazoezi mpaka vidole vinaota sugu, unanunua nyuzi badala ya nguo, halafu njia yako nzima ya kuishi kwa muziki inapita mlangoni kwa mtu ambaye akisikia bendi anaona ni muda wa kupotezea wakati muziki unakuja!! Kwenye bango la shoo tuliandikwa "na wengine wengi". Malipo ni asilimia ya mlangoni na mlango anauhesabu mwenyewe, na kabla hajahesabu anatoa gharama za mitambo, ile mitambo ya monita moja.

Lakini hela nasamehe. Bango nasamehe. Ile sentensi siisamehi mpaka naingia kaburini. "Sasa tuweke muziki."

KitiChaMbele
Povu limefika mpaka huku kwangu, nimepandisha miguu.

SautiYaTatu
Pole sana mkuu. Mimi aliniambia "mmependeza". Nimeimba saa nzima, mtu ananiambia nimependeza.

MkatabaKwanza
Swali moja tu mleta mada: mlisaini nini? Maana nasoma hapa naona asilimia ya mlangoni, mitambo, monita, na sioni karatasi. Ungekuwa na karatasi inayosema mnapanda saa ngapi, mnashuka saa ngapi, vipaza vingapi, monita ngapi, malipo ya awali kiasi gani kabla hamjatoka nyumbani, tusingekuwa hapa. Van Halen, ile bendi ya roki ya Marekani, miaka ya 1980 mwanzoni waliandika kwenye mkataba wao kwamba bakuli la M&M's, zile pipi za chokoleti za rangi rangi, nyuma ya jukwaa lisiwe na hata moja ya rangi ya kahawia. Watu wakawacheka kwamba ni maringo ya mastaa. Haikuwa maringo, walikuwa na mitambo mizito ya umeme na taa, kwa hiyo wakikuta ya kahawia wanajua wenyeji hawakusoma mkataba na wanaanza kukagua kila kitu upya. Hivyo ndivyo watu wanafanya kazi.

NyuziNne
Mkuu mimi nakueleza mtu kasema SASA TUWEKE MUZIKI unaniletea mambo ya bakuli?? Ni karatasi gani duniani inazuia mdomo wa yule jamaa? Nionyeshe kifungu!

MkatabaKwanza
Kifungu kipo. Unaandika "mtangazaji wa shoo atakuwa fulani". Mwingine yeyote akigusa kipaza ni makosa yake.

NyuziNne
Hakugusa kipaza. ALIMPOKONYA mwimbaji wetu. Mkononi. Bado kina joto.

DramuNaSahani
Hebu turudi nyuma kidogo. "Mtu pekee ambaye hahitaji msaada wa kujisikia." Nani kakwambia dramu inaomba monita ijisikie yenyewe? Mpiga dramu anataka akusikie WEWE besi, na amsikie mwimbaji ajue tuko beti ya pili au kiitikio. Mimi nikikosa besi kwenye monita napiga kwa imani tu. Halafu tempo ikikimbia lawama kwa nani? Kwangu. Miaka yote lawama ni kwangu. Mpiga gitaa akikosea anasema alikuwa anaweka ladha.

KitiChaMbele
Naam, vita ya pili imeanza.

MezaYaMixa
Na mimi kama fundi nimeitwa hapa bila kutajwa. Mnajua fundi mitambo anapitia nini? Bendi inakuja watu wanne, kebo zima ni mbili. Mpiga besi anachomeka kebo ndefu ya jack kutoka steji mpaka mwisho wa ukumbi halafu anauliza kwa nini inavuma, wakati angepita kwenye kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia chombo na meza ya fundi, akapata waya wa XLR, ule wa pini tatu usiookota kelele njiani, ingekuwa kimya kabisa. Mpiga gitaa anapandisha ampu yake mpaka mwisho, mwimbaji hasikiki, mimi namwongeza, mluzi unaanza, nani mbaya? Fundi. Kila mtu jukwaani akipunguza kidogo kila mtu atasikika, lakini hilo ombi nimelitoa mpaka nimechoka. Na ule ufunguo wa stoo sikuwa nao mimi kwenye shoo yoyote ile kama kuna anayeniangalia vibaya.

SautiYaTatu
@MezaYaMixa hujajibu kuhusu kushusha kila kitu.

MezaYaMixa
Ukisikia mluzi na watu mia wanakuangalia, na mixa yenyewe haina grafiki ya masafa, vile vitufe vya kushusha sauti nyembamba au nene moja moja, unashusha unachokiona. Mkitaka tofauti mje mapema.

NyuziNne
TULIKUJA MAPEMA. Nimeandika hapo juu!!

DiijeiWaZamu
Sikupenda hilo la "akabonyeza kitufe". Mimi ni diijei, sijui kama ni mimi au mwenzangu aliyekuwa pale lakini haijalishi. Diijei anafika kabla yenu na anaondoka baada yenu. Nyinyi mnapiga saa moja mnatoka kupiga picha, sisi tunashika ukumbi mpaka viti vinapandishwa juu ya meza. Na tukikosea kuunganisha nyimbo mbili tempo zisiende sawa ukumbi mzima unageuka. Kitufe gani hicho?

NyuziNne
Kaka sina ugomvi na diijei yeyote, heshima yenu iko pale pale. Nina ugomvi na MTU ALIYESEMA SASA TUWEKE MUZIKI. Ina maana hata wewe alikutumia kunitukania mimi. Huoni?

DiijeiWaZamu
Naona. Ila kitufe uondoe.

PazaLaNyuma
Mkuu NyuziNne sitaki kukuongezea presha lakini video yenu ameshaiweka kwenye ukurasa wake. Mmepiga vizuri kweli, besi iko juu. Ameikata pale mnapomaliza, hilo neno halimo. Na jina la bendi halimo pia. Ameandika "usiku wa familia".

NyuziNne
ATI NINI

NyuziNne
Nimeiona. Nimeiona jamani. Kelele za watu zile ni zetu! Yaani kwenye kuuza tiketi za wiki ijayo sisi ni muziki, lakini tukiwa mbele yake kwa macho muziki bado haujawekwa. Nani alimpa ruhusa ya kurekodi?

MkatabaKwanza
Sasa hapa una kesi na nitakusaidia bila kukucheka. Haki ya mpigaji na haki ya mtunzi ni vitu viwili. Hata kama wimbo si wenu, kule kupiga kwenu ni kwenu. Mkataba wa Roma wa 1961 ulishaweka kwamba onyesho la moja kwa moja halirekodiwi bila ridhaa ya wanaolifanya. Ukaja mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ubunifu, wa 1996 unaohusu wapigaji na rekodi za sauti, humo kuna haki ya kutajwa jina. Mambo ya video yenyewe yapo kwenye mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020. Angalia kama nchi yako imejiunga na sheria yenu ya hakimiliki inasemaje, halafu mwandikie aweke jina au aitoe. Kwa maandishi, usimpigie simu maana atakuita familia.

SautiYaTatu
Nimecheka hiyo ya mwisho ila ni kweli tupu. Simu yake moja unashuka na shoo mbili za bure.

KitiChaMbele
Mleta uzi kwani hao Beatles unaowapenda si walianza hivyo hivyo? Hamburg 1960 mpaka 1962 walikuwa wanapiga masaa na masaa usiku kucha kwenye vilabu vya walevi, wakalala nyuma ya ukumbi wa sinema. Hakuna aliyekuja kulia hapa. Kaza roho.

NyuziNne
Nani kakwambia nawapenda Beatles? Na hao walau waliachwa wapige. Hakuna aliyewashusha akasema sasa tuweke

TarumbetaBaridi
Jamani kulalamikia promota ni rahisi, njooni mlalamikie wenzenu ndani ya bendi. Mimi napiga tarumbeta. Nasubiri nje kwenye kibaridi mpaka niitwe, chombo cha kupuliza kikipoa tyuni yake inashuka, napanda jukwaani nikiwa chini ya kinanda, watu wananiangalia mimi. Kikipata joto la ukumbi kinapanda, wananiangalia tena mimi. Kinanda kiko 440, ile mitetemo ya noti ya A kwa sekunde, kimekaa tu hakijui shida ya mtu.

MsichanaWaKinanda
Kinanda kina menyu ya kurekebisha, niambie tu niko tayari. Okestra nyingi za Ulaya zinatyuni 442 na dunia haijaanguka. Lakini huwa huombi, unakunja uso tu.

DramuNaSahani
Bado hakuna aliyeniomba radhi kuhusu monita.

MezaYaMixa
Mkimaliza kubishana vaeni vizibo vya masikio nyote. Kwenye desibeli 100 masikio yako yana kama robo saa tu ya usalama, na wengi wenu mnakaa mbele ya sahani za dramu shoo nzima. Ile nzzzzz unayosikia ukilala si ampu. Mimi ninayo na haiondoki.

TarumbetaBaridi
Sijamaliza. Wapiga gitaa. Kila wimbo ufunguo wa E. Kila wimbo! Kwenu nyuzi zinalia wazi raha mustarehe, kwangu mimi wa tarumbeta ya B flat hiyo E inageuka F shapu, shapu sita, vidole vinapindana. Na hakuna anayeuliza. "Twende E." Twende wapi?

SautiYaTatu
Nani kakwambia wapiga gitaa ndio wanachagua? E nachagua mimi mwimbaji. Nikipanda F kiitikio kinanipasua koo, na kesho yake nina mazoezi ya kwaya. Sihami.

TarumbetaBaridi
Basi shuka E flat. Koo lako linapumzika, mimi napata F yangu ya flat moja, wote tunaishi.

GitaaLaPili
E FLAT?? Nilegeze nyuzi zote sita nusu sauti katikati ya shoo kwa ajili ya tarumbeta moja inayopiga mistari miwili wimbo mzima? Nyie mna kichaa.

TarumbetaBaridi
Mistari miwili ndiyo watu wanayoikumbuka wakienda nyumbani. Nunua gitaa la pili ulityuni kabisa.

GitaaLaPili
Kwa hela ya nani, ya mlangoni?