Ryzen 7 5800X kwenye kesi ndogo: nyuzi 90 na feni haitulii (Mbeya)

Loleza_ITX

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwenye uzoefu na kesi ndogo anisaidie.

Mashine ni mini-ITX, kesi ya lita 8 hivi. Prosesa Ryzen 7 5800X, hitisinki (chuma cha kupoza prosesa, pamoja na feni yake) Noctua NH-L9a yenye kimo cha milimita 37, kadi ya grafiki imekaa upande wa pili wa mazabodi. Kwenye gemu prosesa inacheza kati ya nyuzi 85 na 90. Kinachokera zaidi ni feni: hata nikifungua ukurasa mmoja wa intaneti inapaa, inashuka, inapaa tena. Chumba kina baridi, mwezi wa 7 wa Mbeya mnaujua. Pesti ya kati ya prosesa na hitisinki nimebadilisha, hali ni ile ile.

Kutoka kwenye prosesa hadi ubavu wa kesi nina milimita 48. Ninunue hitisinki kubwa au kuna la kufanya kwanza?

Fundi_Soweto

Mkuu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Anza na wati.

5800X imeandikwa wati 105, lakini ikiachwa ilivyotoka kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi 142 kwenye soketi. Viini vyote vinane vimebanwa kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye milimita za mraba 81 hivi, hakifiki hata ukucha wa kidole gumba. Joto linakwama pale pale kabla halijafika kwenye hitisinki, ndiyo maana pesti mpya haikukusaidia. Na hitisinki ya milimita 37 haikutengenezwa kubeba wati 142.

Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi, kabla Windows haijawaka), tafuta AMD Overclocking, kisha Precision Boost Overdrive, chagua Advanced, na kwenye PBO Limits weka Manual. Andika PPT (kikomo cha wati) 88, TDC (ampea za muda mrefu) 60, EDC (ampea za kilele) 90. Angalia kipimo kabla ya kuhifadhi, maana baadhi ya mazabodi zinataka miliwati, hivyo 88 inaandikwa 88000. Ukiandika 88 kwenye sehemu ya miliwati mashine itakuwa nzito kupita kiasi.

Kwenye gemu hutaona tofauti kubwa ya kasi, kwa sababu gemu nyingi hazibani viini vyote kwa pamoja. Utakapoiona ni kwenye kazi kama kurenda video.

Ukimaliza hapo, nenda Curve Optimizer (inapunguza volti ya viini), All Cores, Negative, anza na 10. Kila hatua moja inapunguza kama milivolti 3 hadi 5. Ongeza tano tano, na usiruke hatua. Pima kwa Cinebench R23 (programu ya kubana viini vyote) ya dakika 10 huku HWiNFO, programu ya kuonyesha vipimo, ikiwa wazi, uangalie mistari miwili tu: CPU PPT (wati) na CPU Tctl/Tdie (joto).

Kihesa_Kilolo

Nakubaliana na fundi. Mimi nizungumzie kupaa na kushuka kwa feni, maana hilo ni tatizo jingine kabisa.

Ukibofya kitu, kiini kimoja kinaruka hadi 4.7 GHz kwa volti ya juu, na joto la chipu linapanda nyuzi 10 au 15 chini ya sekunde moja. Hitisinki yenyewe bado ni ya baridi, ukiigusa utaona. Sasa feni inakimbilia joto ambalo litakuwa limeshaondoka kabla haijafika kasi yake. Kelele ya bure.

Kwenye mpangilio wa feni ndani ya BIOS weka hivi: chini ya nyuzi 60 iwe asilimia 35, bila kupanda wala kushuka. Nyuzi 75 iwe 55, nyuzi 82 iwe 75, nyuzi 88 iwe 100. Halafu tafuta muda wa feni kuchelewa kupanda, wengi huandika Step Up, weka sekunde 3 hadi 5. Huo ndio unaomaliza mlio wa kupandapanda. Usiogope kuchelewa huko: prosesa hii ikifika nyuzi 90 inajipunguza yenyewe, haiungui.

Na gemu ifunge kwenye fremu 60 kwa sekunde kama kioo chako ni cha hertz 60. Kadi ya grafiki inapumua ndani ya kasha hilo hilo, kila wati inayoacha kuvuta ni nafuu kwa prosesa.

Uporoto_2

Kuhusu hitisinki: kuna ya Thermalright, AXP90-X47, yenye milimita 47. Kwa nafasi yako ya 48 itaingia, ila feni itabaki milimita moja kutoka kwenye matundu ya ubavu. Feni inayovuta hewa ikiwa imekaribiana hivyo na matundu hutoa mlio mwembamba kama wa mbu, hata ikizunguka polepole.

Wewe una 37 kwa 48, yaani pengo la milimita 11 kati ya feni na ubavu. Hapo ndipo penye dawa. Feni ya L9a inavuta kutoka juu na kupuliza kwenye mazabodi. Pengo likiwa wazi, hewa ya moto inayotoka kwenye mapezi inazunguka pembeni na kuvutwa tena. Chukua sponji ya kuzibia milango, kata fremu ya mraba yenye uwazi wa milimita 92, unene 12 ili ikandamizwe kidogo ubavu ukifungwa. Sasa feni inavuta hewa ya nje tu.

Hakikisha kwanza kwa kipimo rahisi: cheza dakika 20 ukiwa umetoa ubavu. Joto likishuka nyuzi 6 au zaidi, kesi ndiyo inayobana. Lisiposhuka, rudi kwenye wati na mkao wa hitisinki.

Kuhusu baridi yetu, msiitegemee sana. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwa joto lile lile hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 18. Feni ikizunguka sawa inabeba joto pungufu. Chumba cha nyuzi 18 bado kinashinda cha nyuzi 30, ila faida si kubwa kama wengi wanavyodhani.

Na jiko la mkaa la kuotea lisikae chumba kimoja na mashine (kwa usalama wako pia, gesi yake isiyoonekana inaua). Majivu yake ni laini, yanapita kwenye chujio na kujipanga kati ya mapezi kama sufi ya kijivu. Ukisafisha kwa brashi au kipulizio, shika feni isizunguke.

Loleza_ITX

Asanteni sana wakuu. PPT 88 na feni vimetulia, gemu ni nyuzi 74. Ila Curve Optimizer nimefika 25. Cinebench inapita vizuri, lakini mashine inajizima na kuwaka ikiwa haifanyi chochote. Kwa nini?

Fundi_Soweto

Kwa sababu ikiwa imetulia ndipo kiini kimoja kinaruka juu kabisa, na volti uliyoipunguza haitoshi. Cinebench inashusha kasi ya viini vyote, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha hilo. Fungua Event Viewer ya Windows, tafuta WHEA-Logger namba 18 (kumbukumbu ya hitilafu ya prosesa), usome APIC ID, namba inayoonyesha kiini kilichokosea: 0 na 1 ni kiini cha kwanza, 2 na 3 cha pili, na kuendelea. Badilisha All Cores iwe Per Core, kiini hicho kirudishe 10, vingine viweke 20. Mashine ikijizima tena, kiini hicho kipe 5.