MREJESHO: Enamu ya proto3 kuletewa thamani isiyoijua

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu yangu ya Java inazimika kila seva inapotuma hali mpya ya oda ambayo enamu yangu (orodha ya thamani zilizopangwa mapema, kila moja na namba yake) haina. Natumia Protocol Buffers, mfumo wa Google wa kufungasha data inayotumwa kati ya programu, sintaksia ya proto3.

Aliyeniambia nichunguze ninapoita getNumber() alilenga penyewe, Mungu ambariki. Enamu za proto3 ziko wazi: namba ngeni haikataliwi ujumbe unaposomwa, inatunzwa. Upande wa Java, getHali(), inayosoma hali ya oda, inarudisha UNRECOGNIZED (yaani "haitambuliki"), na ukiiomba hiyo namba yake kwa getNumber() inazua hitilafu ya IllegalArgumentException. Namba halisi unaipata kwa getHaliValue(). Basi hifadhidata sasa inaweka namba hiyo, mteja anaona "Hali mpya, tafadhali sasisha programu", na default ya switch (tawi la thamani zisizotajwa) inaiandika kwenye logi.

Kuna mchangiaji alishauri kila nisichokijua nikigeuze kuwa 0. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Katika proto3, 0 ndiyo thamani ya kuanzia, kwa kawaida ikimaanisha hakuna kilichojazwa. Oda iliyorudishwa dukani ikigeuzwa 0, kisha programu ikaituma tena kwa seva, ukweli wa ile oda umefutwa kimyakimya, na anayeumia ni mteja anayesubiri pesa zake.

Kwenye JSON, data inayotumwa kama maandishi, tunatumia Jackson, maktaba ya Java ya kuisoma. Huko nimeweka @JsonEnumDefaultValue kwenye thamani ya akiba na kuwasha READ_UNKNOWN_ENUM_VALUES_USING_DEFAULT_VALUE, ili neno geni lisomwe kama thamani hiyo. Bila kuiwasha, neno geni linazua hitilafu kama kawaida. Ila neno la asili halibaki, kwa hiyo nimefanya hivyo kwenye kurasa za kusoma tu.