Naomba ushauri: kaka anaamini hisa ukizishika muda mrefu huwezi kupata hasara

Habari zenu wakuu. Kaka yangu anakaribia kustaafu, na anataka kiinua mgongo chote akiweke kwenye hisa za kampuni moja. Hoja yake: ukivumilia miaka kumi, lazima utoke na faida.

Nimemtajia Japani. Kipimo cha Nikkei 225, kinachofuata bei za hisa za kampuni kubwa 225 za soko la Tokyo, kilifunga karibu 38,916 mwishoni mwa Desemba 1989, kikaporomoka, na hakikuvuka tena kiwango hicho hadi Februari 2024. Aliyenunua kileleni akiwa na miaka 40 aliona bei ikirudi pale akiwa na 74. Gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa) lilimpoza kidogo, sawa, lakini hizo ni kampuni 225 kwa pamoja. Kampuni moja ikifilisika utasubiri nini? Wenye hisa hulipwa mwisho kabisa, wadai wote wakishachukua chao, na mara nyingi hakibaki kitu.

Tena ameichagua kwa sababu hisa yake "ni rahisi". Bei ya hisa moja peke yake haisemi chochote bila kujua hisa ziko ngapi na kampuni inapata faida gani. Hapo ndipo tunapobishana hadi usiku.

Sitaki pia aogope hisa kabisa, maana pesa iliyolala benki nayo huliwa na mfumuko wa bei.

Naombeni mnisaidie: kwa mtu atakayeanza kuzitegemea hizo pesa karibuni, mngemshauri agawe vipi kati ya hisa, hatifungani (kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) na akiba ya dharura? Na nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima? Ni mkubwa wangu.