Tupeane uzoefu: mlioingia serikalini mkitoka chuo bila kimemo, ilikuwaje?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka huu, na nyumbani kila mgeni anayepiga hodi ana swali lake: "Una mtu huko?" Mjomba wangu anaamini ajira ya serikali ni kimemo tu, yaani kikaratasi cha mkubwa wa kukuombea nafasi. Ukimbishia anakukumbusha 2014, Uwanja wa Taifa, vijana zaidi ya 10,000 jukwaani wakigombea nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, walitangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 135,000. Hapo hata bila kimemo hesabu inatisha.

Sitaki nasaha za "usikate tamaa mdogo wangu". Nataka mliopita mseme mliulizwa nini, mlilala wapi, mlisubiri vipi. Na mliokosa mje pia.

Mtakwimu wa Kahama
Niliingia kama Mtakwimu II, na ukoo wetu mzima hauna mtu aliyewahi kukaa ofisini. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lilisema, kama yanavyosema yote, kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mdogo wangu, huo mstari ndio mchujo wa kwanza. Kuna niliosoma nao, vichwa kuliko mimi, waliitwa na hawakwenda kwa sababu nauli ya Dodoma haikupatikana.

Tulichangia chumba cha gesti wasichana wanne, wawili kitandani, wawili chini. Asubuhi tukaenda kwenye mtihani wa mchujo. Maswali ni ya kuchagua jibu na muda ni mdogo. Wengi tulikariri mambo makubwa ya mwaka wa tatu, kumbe waliyouliza ni ya mwaka wa kwanza: wastani, mkengeuko sanifu, namna ya kuchukua sampuli. Halafu namba ya mtihani unainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, kabla hujatoka nyumbani. Pale hawatoi. Niliwaona watu mlangoni wanaombana bando huku wenzao wameshakaa.

Kwenye mahojiano ya ana kwa ana mzee mmoja aliniambia: "Mimi ni diwani, sijui takwimu. Nieleze kwa nini nikupe fedha za kukusanya takwimu wakati zahanati yangu haina dawa." Nilimjibu kwamba bila kujua watu wangapi wanatibiwa pale, hata hizo dawa ataagiza kwa kubahatisha. Akacheka. Sijui kama ndiyo iliyonibeba.

Nilifaulu, ila nafasi zikawa zimejaa kwa wenye alama kunizidi. Hapo ndipo unapowekwa kwenye kanzidata, orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, na hapo ndipo wengi wanapoanza kusema "wameniibia". Mimi nilirudi Kahama nikafundisha tuisheni. Siku moja rafiki akanitumia PDF ya waliopangiwa vituo, jina langu lipo, halmashauri ambayo nilikuwa naisikia kwenye taarifa ya habari tu.

Jambo ambalo hamwambiwi: kuripoti si kulipwa. Mpaka cheki namba, yaani namba yako ya utumishi, itoke na uingie kwenye mfumo wa mishahara, unaishi kwa daftari la duka la jirani. Na mshahara ukifika, ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, ya kurudisha mkopo wa chuo, imeshaondoka.

Mwalimu wa Kemia
Sisi walimu tuna historia mbili. Zamani unaomba kwenye mfumo wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, unasubiri orodha, jina likitoka unabeba begi. Usaili haukuwepo. Sasa walimu nao wanasailiwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoendesha usaili, na waliomaliza chuo miaka mingi nyuma wanakaa chumba kimoja na waliomaliza juzi. Ndiyo maana 2025 walimu wasio na ajira waliungana wakaunda umoja wao, NETO. Mimi sikujiunga, lakini hoja yao naielewa: mtu amekaa mtaani karibu miaka kumi, leo unamwambia aandike mtihani na kijana ambaye daftari lake bado lina joto.

Mimi kilichonisaidia ni kujitolea. Shule ya kata ya kwetu haikuwa na mwalimu wa sayansi hata mmoja, wazazi walinichangia hela ya sabuni, nikafundisha. Nilipoulizwa kuhusu azimio la kazi na andalio la somo, sikuwa nakumbuka kitabu, nilikuwa nakumbuka wiki iliyopita. Wa masomo ya sanaa, samahani kusema ukweli, foleni yenu ni ndefu kuliko yetu.

Nesi Mkuu Mtarajiwa
Mimi nazungumzia karatasi, maana hapo wanaanguka watu wenye akili zao. Cheti cha kuzaliwa kinaniita kwa majina matatu, cha kidato cha nne mawili, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kina herufi moja tofauti. Nilikwenda kwa wakili nikatengeneza hati ya kubadili jina mapema, kabla hata ya kuona tangazo. Siku ya uhakiki dada aliyekuwa mbele yangu alirudishwa kwa tatizo hilohilo, tena mchujo alikuwa ameshafaulu. Alilia mpaka nikaona aibu kusogea mezani.

Na transkripti peke yake, matokeo ya muda, zile hati za matokeo ya kidato cha nne, vyote hivyo hawavitaki. Wanataka cheti halisi. Chuo nilichosoma, sikitaji, kilichelewesha vyeti vyetu hadi matangazo yakaja na kupita. Tulikuwa tunayasoma tu.

Mkenya wa Kakamega
Hamjambo majirani. Huku kwetu kuna mpango wa wanagenzi chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, ulianza 2019. Unatuma ombi mtandaoni, ukichukuliwa unapelekwa wizara au idara kwa miezi 12. Sisi tulilipwa Sh25,000 za Kenya kwa mwezi. Nilifanya kazi ya afisa kamili, nikaandika ripoti zilizosomwa na wakubwa, mwaka ukaisha nikapewa cheti na mkono wa kwaheri. Mpango wenyewe haukuahidi ajira, hilo liliandikwa wazi.

Lakini sijutii. Kazi niliyo nayo kwenye shirika moja waliniuliza "una uzoefu gani?" na nikawa na la kusema. Walio pabaya ni walimu wanagenzi wa TSC, tume yetu ya kuajiri walimu. Kufundisha ni kulekule, malipo ni sehemu tu ya wenzao wa kudumu. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba kuwaajiri hivyo ni kinyume cha Katiba. Kelele zake bado mnazisikia.

Mtu wa Masijala
Hapa Tanzania pia upo mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, unasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Wengi hawaujui, macho yote yako Ajira Portal. Nilipitia huko nikapelekwa ofisi moja ya umma. Miezi ya mwanzo nilikuwa wa kubeba mafaili na kununua vocha. Nikamwomba bosi aniachie barua ndogondogo nizijibu mimi. Leo niko kampuni binafsi, naandika barua kutwa.

Bado Nipo
Mimi ndiye mliyeniita, niliyekosa. Nimefaulu mchujo, nimefaulu mahojiano, nimelala kanzidata mpaka muda wangu ukaisha, nikaanza upya. Kimemo sijawahi kukiona kwa macho, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kipo wala kwamba hakipo. Ninachojua ni kwamba watu niliokaa nao chumba cha usaili walikuwa wazuri, na nafasi zilikuwa mbili.

Kwa sasa nafunga hesabu za maduka matatu ya vipuri hapa mjini. Mleta mada, wewe mhasibu, nitafute. Mwisho wa mwezi kazi inanizidi, na wakati unasubiri kuitwa nauli ya Dodoma utaipatia hapa.

Mleta mada
Mkuu nakuja inbox sasa hivi. Wengine endeleeni, hasa wa Afisa Hesabu II: mchujo wenu waliuliza IPSAS, vile viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, au waliishia kwenye usuluhisho wa benki?